Mke Wangu Alitangaza Nikamatwe

Uliyeniacha wiki iliyopita nimesimama mbele ya gari langu likiteketea, jua kwamba moto ule ulizimika wenyewe kwa kukosa cha kula. Lilibaki fremu na ndoano.

Na wewe unayenikuta leo, jina langu ni Bhekani Bhengu, wa Pinetown, jirani na Durban. Kazi yangu ni bredauni. Nakimbilia ajali, navuta magari yaliyovunjika.

Enzi hizo polisi wetu walizungumza kwenye mawimbi ya wazi. Mwenye skana, kile kiredio cha kunasa mawimbi, aliwasikia kama unavyosikiliza mpira. Anayesikia mapema hufika mapema. Anayefika mapema ndiye anayekula.

Adui yangu ni Bonga Cele. Watu humwita Minyororo, na si kwa sababu anaiuza. Magari yake mekundu yalitaka barabara yote iwe yao. Ndiye aliyenichomea gari langu, ingawa sikuwa na shahidi.

Sasa lisikie lililo chungu zaidi. Ile sauti ya mwanamke iliyotoka kwenye redio ya polisi mchana kutwa, ikituma magari huku na huko, ilikuwa ya mke wangu, Hlengiwe.

Cele alivumisha kwamba Hlengiwe ananinong'oneza ajali kabla hajazitangaza. Uongo mtupu. Mke wangu akirudi kazini hakuniambia hata kama mvua ilinyesha huko. Lakini uvumi ulimfikia mkubwa wake, Kapteni Ntuli, naye akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Gari lilipochomwa, Hlengiwe alimbeba mtoto wetu Anele akahamia kwa mama yake.

"Sijaondoka kwa hasira, Baba Anele," aliniambia. "Nataka nikifungua mdomo kwenye redio, asiwepo wa kusema nakufungulia wewe."

Basi. Tuendelee.

Jumamosi ile, adhuhuri, nilikuwa kwa Anko Rajen Moodley. Alistaafu ufundi wa simu za reli, na nyuma ya nyumba yake ana chumba kilichojaa redio sakafu hadi dari. Hajawahi kuvuta gari lolote. Yeye husikiliza tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Polisi wote wa wilaya aliwajua kwa sauti, na wengi hajawahi kuwaona sura.

Tulikuwa tunakula mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage. Sauti ya Hlengiwe ikapita, anatuma gari kwenye ugomvi wa walevi.

"Mkeo ana mafua," Anko Rajen alisema.

"Hana mafua. Analia usiku."

"Sasa wewe unakula maharage yangu hapa unafanya nini? Nenda kambembeleze."

"Mama mkwe amesema akiniona getini atanimwagia maji ya moto."

"Maji ya moto yanapoa, kijana wangu."

Hakumaliza kucheka. Redio ilikwaruza.

"Kituo kwa magari yote. Ajali, mteremko wa Field's Hill. Lori limepoteza breki, limelalia gari dogo la bluu. Kuna mtu amenasa ndani. Ova."

Nilisimama. Shemeji yake Anko Rajen alikuwa ameniazima bredauni yake nyeupe ili nisife njaa.

"Usiende," Anko alisema. "Cele keshasikia."

"Mtu amenasa, Anko. Nina vifaa vya kumtoa."

Alinitazama, akafuta mikono, akachukua redio yake ndogo ya mkononi. "Basi nakuja. Kama wewe huna akili, angalau mmoja wetu awe nayo."

Hakuna aliyekuwa nayo.

Tulipofika, bredauni mbili nyekundu zilikuwa zimetutangulia. Polisi hawajafika, zimamoto hawajafika. Lori lilikuwa limelala ubavu, na chini yake kile kigari cha bluu kimebanwa kama kopo.

Ndani kulikuwa na mama wa makamo. Mkono wake ulitoka dirishani, vidole vinafunga na kufunguka.

Na nyuma ya kigari, Mpostoli Zungu anafunga mnyororo wa winchi, ile mashine ya kuvutia magari.

Mimi na Mpostoli tulianza kazi hii pamoja, tukila sahani moja. Cele alipomnunua, aliacha kunisalimia.

"Mpostoli, kuna mtu ndani."

"Namwona."

"Miguu yake iko chini ya lori. Ukivuta, utaiacha hapo."

"Cele anataka gari litoke kabla kampuni nyingine hazijafika. Sogea, Bhengu."

"Angalia mkono wake."

Aliuangalia. Nakwambia aliuangalia, na nikaona uso wake ukibadilika. Halafu akatazama nyuma yangu. Cele alikuwa ameegemea gari lake, simu sikioni, anatutazama kama mtu anayengoja chai yake iletwe. Alimwashiria kwa kichwa mara moja tu, avute.

Mpostoli akashika mpini wa winchi.

Anko Rajen alimwahi akamshika mkono. "Mwanangu, huyo ni mama wa mtu."

Jamaa mmoja wa Cele, mwenye kofia ya sufu, alitokea upande akampiga Anko kwa spana ya magurudumu, juu ya sikio. Mzee wa watu alikaa chini taratibu kama aliyechoka. Damu ikamshukia shingoni.

Winchi ikaanza kuvuta.

Yule mama alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia ndotoni naamka nimesimama.

Sikufikiri. Niliokota ndoano ya chuma iliyokuwa miguuni pangu, nikaizungusha, ikampata Mpostoli ubavuni mwa kichwa. Mlio wake ulikuwa kama wa boga lililoangushwa. Alianguka, mwili wake ukaurudisha ule mpini. Winchi ikasimama.

Mwenye kofia ya sufu akaitupa spana, akaokota mnyororo.

"Umeua, Bhengu," Cele alisema. Alisema polepole, karibu kwa furaha. Simu ilikuwa bado sikioni. "Ameua, Kapteni. Nimemwona kwa macho yangu."

Kapteni. Nililisikia neno hilo kabla ya mnyororo kunipata mgongoni. Wa pili ulinipata mkononi, nikahisi mfupa mdogo ukikatika kama kijiti. Mwenye kofia ya sufu aliuinua kwa mara ya tatu. Nilimpiga teke la goti, likaenda upande ambao goti haliendi. Akalala akiita mama yake.

Cele alitoa bastola.

Nilimkokota Anko Rajen mpaka kwenye gari. Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pembeni. Ya pili sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa nimeshakanyaga mafuta, naendesha kwa mkono mmoja, vioo vimenijaa mapajani.

King'ora cha zimamoto kilipishana nasi. Yule mama walimtoa akiwa hai, na miguu yake yote miwili. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nimemuua mtu niliyekula naye sahani moja.

Skana ilikuwa inanguruma pale mbele.

"Kituo, huyu ni Kapteni Ntuli. Niko njiani. Kuna mauaji Field's Hill. Mshukiwa ni Bhekani Bhengu, amekimbia na bredauni nyeupe. Ana bastola. Mkimwona, msisubiri awaanze. Ova."

Kituo hakikujibu.

"Kituo, umenipata? Ova."

"Kapteni, rudia jina. Ova." Ilikuwa sauti ya Hlengiwe.

"Bhekani Bhengu. Unamjua vizuri kuliko mimi. Ova."

"Kapteni, bastola imeonwa na nani? Ova."

"Mama, tangaza kama nilivyosema."

Nilishusha mwendo bila kujua. Anko Rajen alikuwa ameegemeza kichwa mlangoni, macho nusu. Tulingoja wote wawili.

Hlengiwe alitangaza.

Hakutetemeka. Alitaja jina langu, la baba yangu, umri wangu. Alitaja urefu. Alitaja kovu la kidevuni, kovu ambalo yeye ndiye alilifunga bandeji kwa wiki nzima. Akasema nina silaha na ni mtu wa hatari. Akamaliza na "ova" kama anavyomaliza habari za walevi.

Ndugu msomaji, nimepigwa mnyororo, nimechomewa gari. Havikuniuma hivyo.

"Amefanya kazi yake," Anko Rajen alisema kwa taabu.

"Amenitoa niuawe."

"Sikiliza vizuri, we mjinga. Mbele ya kila mwenye redio amemuuliza mkubwa wake nani ameona bastola. Hilo ni swali la mke, si la polisi." Alikohoa. "Sogeza hiyo skana."

Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa damu, lakini vilijua njia. Alizungusha, akapita sauti za teksi, akapita walinzi wa viwandani, akatulia kwenye mawimbi ya ambulensi.

"...majeruhi wa kiume, pigo la kichwa," mwanamke mmoja alikuwa anasema. "Anapumua, anaongea. Anamtaja mtu anaitwa Bhengu. Anasema, mwambieni Bhengu ni kweli tulilichoma sisi, Kapteni alikuwepo. Sijui ana maana gani. Tunashuka kwa barabara ya zamani ya viwandani, kubwa imefungwa."

Nilisimamisha gari kabisa.

Mpostoli yuko hai.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa furaha ya kutokuwa muuaji, na machozi hayajanikauka, yule mwanamke akarudi hewani.

"Kuna bredauni nyekundu imesimama katikati ya njia. Anatuamuru tusimame. Huyu jamaa ana bunduki." Kisha mkwaruzo mtupu.

"Wameshatangaza mauaji," Anko alisema. "Maiti inayoongea haimfai Cele. Itabidi inyamaze."

Nilikuwa na njia mbili. Upande wa kulia, hospitali, na Anko Rajen ambaye damu ilikuwa inamtoka sikioni. Upande wa kushoto, barabara ya viwandani, na mtu ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa tayari kumkata mama wa watu miguu.

"Anko, nakupeleka hospitali."

"Hospitalini kuna polisi mlangoni wameambiwa wasisubiri. Utanifikisha mimi, wewe utafikia mochwari." Akanisukumia ile redio yake ya mkononi. "Hii inasema pia. Nimeifungua mwenyewe, inafika mawimbi ya polisi."

Sisi wasikilizaji tuna sheria moja, sikiliza, usiseme. Anko Rajen alikuwa ameishika tangu ujana wake. Hakuwahi kubonyeza kitufe cha kusema kwenye mawimbi ya polisi, hata kwa mzaha.

"Leo sema," aliniambia.

Nilibonyeza.

"Hlengiwe."

Nikaachia kitufe.

"Sauti isiyotambulika, jitaje. Ova," alijibu. Sauti ilikuwa ya kituo, lakini pumzi ilikuwa ya mke wangu.

"Mimi ni Bhekani Bhengu. Sina bastola, sijawahi kuwa nayo. Nilimpiga Mpostoli Zungu kwa ndoano na sitakataa. Lakini hajafa. Yuko kwenye ambulensi, barabara ya zamani ya viwandani, na Bonga Cele ameisimamisha kwa bunduki. Anko Rajen yuko na mimi, amepasuliwa kichwa. Na ninyi nyote mnaosikiliza, majumbani na kwenye bredauni, mmenisikia. Nikikutwa nimekufa na bastola mkononi, jueni nimewekewa."

"Mtoe huyu mtu hewani," Kapteni Ntuli aliingilia. "Kituo, usimjibu."

Sekunde zilipita kama wanavyopita wazee.

"Kituo kwa magari yote," mke wangu alisema. "Rekebisho. Majeruhi wa Field's Hill yuko hai. Narudia, yuko hai. Hakuna mauaji. Gari lolote lililo karibu na viwandani, ambulensi imezuiwa na mtu mwenye silaha. Nendeni. Ova."

"Kituo, nani amekupa ruhusa hiyo?"

"Ambulensi wamenithibitishia kwa simu, Kapteni. Ova."

"Usiguse tena hiyo maiki. Nakuja hapo mwenyewe."

"Karibu, Kapteni. Ova."

Anko Rajen alicheka mpaka akatapika damu kidogo. "Na wewe ulikuwa unamwogopa mama yake," alisema.

Nikakata kushoto.

Niliikuta ambulensi imepigwa risasi gurudumu la mbele. Dereva wake amelazwa kifudifudi kwenye lami, mikono kisogoni. Mlango wa nyuma uko wazi. Mhudumu mmoja, mama mnene anayeitwa Duduzile, alikuwa amesimama mlangoni amenyoosha mikono yote miwili, kama anayezuia mbuzi kuingia jikoni.

"Utanipiga mimi kwanza," alikuwa anamwambia Cele. "Mimi nimeapa. Wewe umeapa nini?"

Cele alikuwa katikati, kati ya gari lake na ukingo wa chuma wa barabara, bastola imenyooshwa. Alisikia injini akageuka.

Alifyatua. Kioo changu kikawa utando wa buibui. Sikuona kitu tena, ila nilijua alipo.

Sikukanyaga breki.

Niligonga gari lake kwa ubavu nikalisukuma. Chuma kililia. Liliteleza, likaenda mpaka kwenye ukingo, na Cele alikuwa hapo katikati.

Niliposhuka alikuwa bado amesimama, kwa sababu hakuweza kuanguka. Paja lake lilikuwa limebanwa kati ya gari na ukingo, na kitambaa cha suruali kimeingia mahali ambapo palipaswa kuwa na mfupa. Bastola ilikuwa chini, nikaipiga teke mpaka mtaroni. Sikutaka hata alama ya kidole.

"Nitoe, Bhengu," alisema. Uso ulikuwa wa majivu. "Nitoe, ndugu yangu."

"Nikivuta, utaacha mguu," nilimwambia.

Nilisema hivyo, na nikahisi utamu. Utamu ule ulinitisha kuliko bastola.

Duduzile alinisukuma kando. "Wewe toka hapa. Wanaume mnatia kichefuchefu." Alimfunga Cele mkanda juu ya paja, akamwamuru dereva wa ambulensi abaki naye mpaka zimamoto wafike. Kisha akanigeukia. "Ambulensi haiendi. Gari lako linakwenda?"

Lilikwenda, likichechemea.

Tulimpandisha Mpostoli kwenye jukwaa la nyuma, Duduzile ameshika chupa ya dripu juu kama taa. Mpostoli alinitazama. Jicho moja lilikuwa limejaa damu.

"Umenipiga vibaya," alisema.

"Ulianza winchi."

"Najua." Akafumba macho. "Nilijua hata nilipoianza."

Tukashika njia ya hospitali, lakini hatukwenda mbali. Bomba la maji lilipasuka, injini ikaanza kufuka. Niliingiza gari kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao kilichofungwa kwa wikiendi, nikalificha nyuma ya marundo. Duduzile alipima mapigo ya Anko Rajen, akapima tena, na hakuniambia kitu.

"Anko," nilimwita.

"Bado nipo. Punguza sauti hiyo redio, inanipigia kichwani."

Nilinyoosha mkono niipunguze. Ndipo ilipokwaruza.

Ilikuwa sauti ya mwanamume nisiyemjua, mtu wa kituo. "Kituo kwa magari yote. Mwendeshaji wa awali ameondolewa mezani. Yuko chini ya ulinzi. Maagizo yake yote ya mwisho yafutwe. Ova."

Kisha nyingine, tulivu, na nyuma yake mlio wa gari linalokwenda kasi.

"Bhengu. Ntuli hapa. Najua unasikiliza, wewe huachi kusikiliza. Nina mkeo kwenye kiti cha nyuma. Pingu zinambana kidogo. Unaye Mpostoli, namtaka. Bonyeza hiyo redio yako uniambie uko wapi, tumalize kiume."

Duduzile alinitazama. Mpostoli alifumbua jicho lake zima.

"Usibonyeze," Anko Rajen alisema.

"Ana mke wangu, Anko."

"Anataka tu akusikie. Ukisema uko wapi, tunakufa sote hapa, na mkeo atakuwa wa mwisho kwa sababu ameona. Usibonyeze."

"Bhengu," Ntuli alisema. "Nangoja."

Halafu kwa mbali, kutoka kiti cha nyuma, nilimsikia. Hakuwa analia. Alikuwa anasema haraka haraka, kama anavyosoma namba za magari. "Baba Anele, hatuko wawili humu garini. Amepita kwa mama. Anele yuko hapa. Usi..."

Mlio wa kofi. Mtoto akaanza kulia.

Anko Rajen alinishika kifundo cha mkono, ule wenye mfupa uliovunjika, akakaza kwa nguvu zote alizobaki nazo. Niliona nyota kwa maumivu. Nilimtazama usoni, mzee aliyenifundisha kusikiliza. Nikaung'oa mkono wangu.

Nikabonyeza.